Mpingo Katika Zumari ya Waskoti

Penye ncha ya kusini ya Ziwa Nyasa, mbali na pwani iliyo chini ya milima ya Kingerikiti, Waskoti walianzisha misheni ya Livingstonia mwaka 1875. Habari za kuja kwao zimeandikwa mara nyingi. Habari za mti uliokwenda kwao husimuliwa mara chache, nazo zastahili kusimuliwa.

Zumari ya Waskoti ina mfuko wa ngozi, filimbi yenye matundu ya vidole, na mabomba matatu yavumayo pasipo kunyamaza. Mafundi wa kale, kama Hugh Robertson wa Edinburgh aliyefariki mwaka 1822, walikereza mabomba hayo kwa miti ya kwao na kwa miti migumu iliyoletwa na merikebu kutoka Karibi. Karne ya 19 ilipokuwa ikiisha, katika karakana kama ile ya Peter Henderson wa Glasgow, mpingo ukashika nafasi ya kwanza. Sababu ilikuwa ya kifundi. Mpingo ni mzito hata huzama majini, unyevu wa pumzi hauupenyi kwa urahisi, nao hukubali kukerezwa kwa usahihi mkubwa. Pete nyingi zilikuwa za pembe za ndovu. Basi zumari ya Uskoti ikawa na mwili wa Afrika.

Kazi hiyo ilitaka subira. Mti ulikaushwa kwa miaka, ukatobolewa kwa hatua, ukapumzishwa tena usije ukapinda au kupasuka. Lakini subira ya fundi ni ndogo mbele ya subira ya mti wenyewe. Mpingo uotao Namtumbo na Tunduru, katika mkoa uleule wa Ruvuma, hukadiriwa kutaka miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kuvunwa, na magogo mengi huwa na nyufa au uwazi ndani.

Leo wakusanyaji wa zumari kongwe huulizana jina la fundi. Jina la aliyeukata mti haliulizwi. Naye auzaye gogo bichi huuza miaka hiyo yote kwa bei ya siku moja.

Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata hati ya kimataifa ya kuvuna misitu yao kwa utaratibu, ili faida iwarudie wenyeji. Njia hiyo yafaa kufuatwa. Ufundi wa Waskoti na usifiwe, kwa kuwa wastahili. Lakini pasipo mti kupata mrithi, fundi naye hatakuwa na cha kukereza.