Faiba ya Kitale na Bungoma: nani apande nguzo?

Wengi mmeniuliza kwa nini mwandishi wa programu ananunua ngazi. Jibu lina historia, mnivumilie kidogo.

Mwaka 2009 tulishangilia. Mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa mwezi Juni, SEACOM ikaanza kazi Julai, na enzi ya kuvuta intaneti kutoka setilaiti kwa bei ya kuumiza ikaanza kwisha. Serikali nayo ilishaanza kulaza NOFBI, mkongo wa taifa wa kufikisha faiba mashinani. Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe! Faiba ilipita barabarani, na mwenye nyumba kule Kanduyi akabaki na modemu ya USB na kadi ya kukwangua.

Kilichokosekana ni watu. KPTC, shirika la Posta na Simu lililoundwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, lilikuwa na mafundi wake wa laini. Simu zilichelewa miaka, sikatai, lakini aliyevuta waya ndiye aliyerudi kuutengeneza. Mwaka 1999 shirika likagawanywa, mwaka 2007 asilimia 51 ya Telkom Kenya ikauzwa kwa kundi lililoongozwa na France Telecom, na katika mageuzi hayo maelfu wakaachishwa kazi. Ujuzi ukaenda nyumbani nao.

Sisi, kampuni changa ya Kitale, tulianza na mkandarasi wa kutoka mbali. Alitoza usafiri kila safari, na hakuja mpaka wateja wafike kumi. Hilo tungelivumilia. Tatizo ni mwanga. Katika GPON uzi mmoja hugawiwa nyumba 32, na mgawanyo huo peke yake hula desibeli kama 17, ilhali bajeti ya kawaida ni 28. Kiungo kizuri hupoteza chini ya 0.1, kibaya nusu desibeli, na waya uliokunjwa vibaya kwenye kona ya dirisha hupoteza zaidi. Anayelipwa kwa kila nyumba ana haraka. Mteja anapiga simu, nasi tunalipia safari ile ile mara ya pili.

Nilipopiga hesabu, safari za marudio zilikuwa zinakula pesa kuliko waya wenyewe. Tukaajiri vijana wanne, wawili Kitale, wawili Bungoma, tukakopa kununua mashine ya kuunganisha nyuzi. Mwalimu wao ni mzee aliyestaafu KPTC. Faiba hakuwahi kuigusa, ila nguzo anazijua. "Kijana wangu," aliniambia, "acha kitanzi cha waya pale juu. Siku lori litakapoukata utanikumbuka."

Programu yangu hupanga maombi kwa mtaa, Jumanne Section Six, Alhamisi Kanduyi, na haifungi kazi mpaka fundi atume picha ya kipimo cha mwanga. Ada ya kufungiwa tumeishusha kwa nusu.

Lakini mshahara haujui msimu. Mvua za Aprili zikianza, pesa ya Trans Nzoia huenda kwenye mbegu na mbolea, si intaneti, na vijana wanne bado wanakula. Mwezi uliopita niliwalipa kwa pesa za kazi ya programu niliyomfanyia mteja wa Nairobi. Kwa mwendo huo nina miezi mitatu, labda minne.

Haya, Alhamisi tuna nyumba sita Kanduyi. Nitawaambia vipimo vilisomaje.