Kukataa Jembe: Hoja ya Haki katika Kambi ya Hola, 1959

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, mahabusu 11 wa Mau Mau walikufa kwa kipigo cha askari baada ya kukataa kazi ya shamba. Serikali ya kikoloni ilidai kwanza kwamba walikunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha vinginevyo.

Kukataa huko kumezoeleka kuitwa ukaidi. Mtazamo huo ni finyu. Wengi wao walizuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo walishikilia kwamba wao ni mahabusu wa kisiasa, wala si wafungwa, na kwamba jembe ni la aliyehukumiwa. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko ya kisheria: Mkataba wa Kazi ya Lazima wa 1930, ulioridhiwa na Uingereza, ulitofautisha kazi itokanayo na hukumu ya mahakama na kazi ya kushurutishwa.

Haikuwa sauti ya Hola peke yake. J. M. Kariuki, aliyepitia kambi kadhaa, alieleza katika kitabu chake cha 1963 jinsi barua za malalamiko zilivyopenyezwa nje hadi London, na jinsi waandishi wake walivyoadhibiwa. Vifo vya Hola ndivyo vilivyolilazimisha Bunge la Uingereza kujadili kambi hizo usiku wa 27 Julai 1959. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa. Kwa vifo vya Hola, hakuna aliyeshtakiwa.