Injini ndogo za gesi: Joto la moshi huwa mali likipata mtumiaji

MTU anayepita nyuma ya duka ambako jenereta inanguruma huiona hewa ya moto inayotoka kwenye ekzosi kuwa kero tu. Kwa fundi wa mitambo, hewa hiyo ni mafuta yaliyokwisha kulipiwa.

Injini ndogo ya gesi hugeuza takriban robo tu ya nishati ya gesi kuwa umeme. Sehemu kubwa ya inayobaki hutoka kwa njia mbili: maji yanayopoza injini, na moshi, ambao huacha silinda ukiwa na joto la mamia ya nyuzi. Ili kulivuna, maji hupitishwa kwenye injini badala ya kupozwa na rejeta, kisha huingia katika chombo ambamo mabomba ya maji yamezungukwa na moshi bila viwili hivyo kuchanganyika. Kutoka hapo huenda kwenye tangi.

Ugumu upo kwenye moshi. Gesi asilia ikiungua hutoa mvuke mwingi, na moshi ukipozwa chini ya nyuzi 55 hivi mvuke huo hugeuka maji na kuachia joto la ziada. Maji hayo yana tindikali inayokula chuma cha kawaida, hivyo chombo hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Kwa biogesi ya samadi hatari ni kubwa zaidi: ile harufu ya yai viza ni salfa, ambayo ikiungua huzaa tindikali kali. Gesi isafishwe kwanza, ama moshi uachwe utoke ukiwa bado moto.

Nchini Ujerumani, mtambo uitwao Dachs wa kampuni ya SenerTec, wenye injini ya silinda moja, hutoa kilowati 5.5 za umeme na 12.5 za joto. Japani ilikwenda kwenye udogo zaidi. Mwaka 2003 Honda ilianza kuuza, kupitia kampuni za gesi, injini ya sentimita za ujazo 163 kwa matumizi ya nyumbani. Mtambo huo, Ecowill, ulitoa kilowati 1 ya umeme na 3.25 za joto, na kutumia asilimia 85 ya nishati ya gesi.

Hata hivyo, uliondolewa sokoni mwaka 2017. Injini haikuwa mbovu. Iliwashwa pale nyumba ilipohitaji maji ya moto, na wakati wa kiangazi mahitaji hayo hupungua sana. Mitambo ya seli za haidrojeni, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 2009, hutoa umeme mwingi zaidi kwa joto dogo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako hakuna anayepasha nyumba moto, kikwazo hicho kipo mwaka mzima. Wenye kazi ya joto ni hospitali, hoteli, na wasindikaji wa maziwa, ambao huyapasha kwa nyuzi 63 kwa dakika 30. Lita 1,000 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 65 zinahitaji takriban kilowati-saa 46 za joto. Injini ya kiasi cha Dachs huzimaliza kwa muda usiofika saa nne, nayo huacha kilowati-saa 20 za umeme. Ikiendelea kunguruma baada ya tangi kujaa, joto lake hurudi hewani, na gharama yake ni ile ile ya jenereta ya nyuma ya duka.