Bunduki fupi ya mitutu miwili: Kazi zake na mipaka yake

BUNDUKI fupi ya mitutu miwili ni aina ya bunduki ya marisau, yaani ile inayofyatua tembe nyingi za madini kwa mpigo mmoja badala ya risasi moja. Mitutu yake hulazwa bega kwa bega na huwa na urefu wa kati ya sentimita 46 na 51. Bunduki ya kawaida ya kuwindia ndege huwa na mitutu ya sentimita 66 hadi 76. Tofauti hiyo ya shubiri moja hivi ndiyo iliyoipa silaha hii kazi zake, na ndiyo pia iliyoifanya imulikwe na sheria.

Sifa zake zilivuma Magharibi mwa Marekani. Baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848, kampuni ya Wells Fargo, iliyoasisiwa mwaka 1852, ilisafirisha mali kwa magari yaliyokokotwa na farasi. Mlinzi aliketi juu ya gari kando ya dereva. Mahali pale palikuwa finyu, na mtutu mrefu ungemzuia kugeuka upesi. Aidha, si rahisi kulenga shabaha kwa risasi moja huku gari likiyumba, ilhali marisau husamehe kosa dogo la mkono. Hadi leo, abiria anayeketi kando ya dereva husemwa na Wamarekani kuwa amepanda na bunduki.

Silaha hiyo ilitumiwa pia katika mapigano maarufu ya Tombstone, Arizona, Oktoba 26, 1881. Doc Holliday, aliyekuwa upande wa maafisa wa usalama, alimpiga Tom McLaury kwa bunduki ya aina hii wakiwa hatua chache tu baina yao. McLaury alifariki.

Umbali huo mfupi ndio siri ya bunduki hii. Katika kipimo cha 12, ambacho ndicho kilichoenea zaidi, tundu la kila mtutu lina upana wa milimita 18.5 hivi. Risasi moja ya marisau makubwa kwa kawaida hubeba tembe tisa, kila moja ikiwa na upana wa zaidi ya milimita nane. Wengi hudhani kuwa tembe hizo hutawanyika na kujaa chumba kizima. Sivyo. Kwa wastani, hutanuka kwa sentimita mbili au tatu tu kwa kila mita zinayosafiri. Katika umbali wa mita tano, alama yake haizidi sana kiganja cha mkono. Kwa hivyo mpigaji hana budi kulenga. Zikipita mita 30 hivi, tembe huwa zimeachana mno kiasi kwamba hajui zitamwangukia nani.

Matumizi yake ya halali ni machache lakini ya hakika. Kwanza ni ulinzi wa mali safarini au ndani ya jengo lenye vyumba vyembamba. Pili ni kazi ya shambani: mfugaji huweza kuibeba siku nzima bila kuchoka, na kuitumia dhidi ya nyoka au mnyama anayevamia zizi. Tatu ni uwindaji wa nguruwe mwitu vichakani, katika nchi zinazouruhusu, ambako mnyama hutokea ghafla akiwa karibu. Nne ni mashindano ya kulenga shabaha kwa silaha za kale, ambayo yamepata wafuasi wengi Marekani tangu miaka ya 1980.

Faida yake nyingine ni wepesi wa muundo. Kila mtutu una mtambo wake, hivi kwamba risasi moja ikikataa kulipuka, ya pili ingali tayari. Mwenye bunduki huweza pia kutia marisau madogo upande mmoja na risasi moja nzito upande wa pili. Hata hivyo, dosari zake ni wazi. Ina risasi mbili pekee, na kwa kuwa ni nyepesi, huusukuma bega kwa nguvu nyingi.

Wahalifu nao waliutambua ufupi huo. Katika kisiwa cha Sicily, Italia, lupara ilikuwa bunduki ya wachungaji ya kukinga mifugo dhidi ya mbwamwitu. Baadaye ikawa nembo ya wauaji wa Mafia, kwani hufichika chini ya koti.

Ndiyo maana Marekani, kupitia sheria ya mwaka 1934, iliagiza kila bunduki ya marisau yenye mtutu usiofika inchi 18, yaani sentimita 45.7, isajiliwe na serikali kuu. Jack Miller na Frank Layton walishtakiwa kwa kusafirisha bunduki ya mitutu miwili iliyo fupi kuliko hapo kutoka Oklahoma hadi Arkansas bila usajili. Mwaka 1939, Mahakama ya Juu iliamua kuwa hakukuwa na ushahidi kwamba silaha kama hiyo ina manufaa kwa wanamgambo wa ulinzi wa taifa, na hivyo katiba haikuikinga.

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza raia kumiliki bunduki bila cheti, na uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977. Anayeruhusiwa kuwa nayo hubaki na wajibu mkubwa wa kuitunza. Hapa muundo wa bunduki hii humsaidia: ikikunjuliwa, matundu yote mawili huonekana, na hata asiye mtaalamu hujua papo hapo iwapo ina risasi. Iwekwe ikiwa tupu na imefungiwa kwa kufuli, nazo risasi zihifadhiwe mahali pengine. Bunduki iliyo fupi ni rahisi kwa mlinzi kuibeba, lakini pia ni rahisi kwa mtoto kuiinua na kwa mwizi kuificha.