Gate Si Geti: Story ya Maneno Yanayofanana Sura

Ukifika York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, utapata barabara zinaitwa Coppergate na Stonegate. Tafuta geti hapo mpaka giza liingie, hupati. Mageti ya ukuta wa zamani wa huo mji yanaitwa "bar". Yaani pale gate ni barabara, na bar ni geti. Kama unataka bia, hiyo ni bar nyingine.

Najua utasema hao wasee wameharibu Kiingereza. Zii. Mwaka 866 Waviking kutoka Skandinavia waliteka York, na mfalme wao wa mwisho alifukuzwa 954. Kwa lugha yao barabara ni "gata". Wakaoana na wenyeji, wakafanya biashara, neno likabaki. Gate ya mlango ni neno lingine kabisa, la Kiingereza cha kale. Maneno mawili yana wazazi tofauti, yakakua mpaka yakafanana sura. Ni kama wasee wawili wanaitwa Otieno na hawajuani.

Yako mengine. Mzee wa Yorkshire akikwambia watoto wameenda ku-"laik", usikimbie ziwani kuwaokoa. Wanacheza tu. Hiyo laik pia ni ya Waviking, lakini lake ya ziwa ilikuja kupitia Kifaransa. Akisema ame-"addle" pesa, ametoa jasho akalipwa. Lakini yai likiwa addled, limeoza, tupa. Hiyo ya yai inatokana na neno la kale la uchafu.

Sasa nani huamua lipi ni sahihi na lipi ni la washamba? William Caxton, mtu aliyeleta mashine ya kuchapisha vitabu Uingereza 1476, aliandika kisa kimoja mwaka 1490. Wafanyabiashara walikwama na meli yao kusini, upepo hakuna. Mmoja akaenda kwa mama fulani kuomba "egges". Mama akamjibu hajui Kifaransa. Jamaa akakasirika, maana hata yeye hakujua Kifaransa! Mwenzake akasema "eyren", mama akaelewa mara moja. Wote walitaka mayai.

Hapa ndipo utashangaa: egg ndilo neno la Waviking, la kaskazini. Eyren ndilo lilikuwa la Kiingereza cha kale. Leo eyren limekufa, na egg liko kwa kila kitabu cha shule. Kwa hivyo neno halishindi kwa sababu ni safi. Linashinda kwa sababu wenye pesa, vitabu na vyeo wamelichukua.

Mtu aliyenifurahisha zaidi kwa hii story ni Joseph Wright. Alizaliwa Yorkshire 1855, akaanza kazi akiwa na miaka sita, na mpaka alipofika utineja hakujua kusoma. Akajifunza, akaishia kuwa profesa Oxford. Kati ya 1898 na 1905 akatoa kamusi ya lahaja za Kiingereza, vitabu sita vizito. Maneno ya kina mama wa kijijini na wachimba mawe yakaandikwa kwa heshima ileile ya maneno ya London.

Na hapa kwetu? Mtu wa Mombasa akikwambia "ndoo", anakuita. Wewe wa Nairobi unamletea ndoo ya maji, halafu unamcheka yeye. Lakini mwaka 1928 mkutano uliochagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa hiyohiyo. Kimvita hakikukosea popote. Hakikuchaguliwa tu.

Andika sanifu kwa mtihani, sikatai, maksi ni maksi. Lakini kabla hujamcheka mtu kwa neno lake, uliza kwanza limetoka wapi. Na nyumbani kwenu je, kuna neno gani watu hudhani ni makosa? Liandike hapo chini, tulisome.