Mkimbizi, Mtoro na Mtoto: Kichekesho Kinachogoma Ngara

Kuna kisa kimoja ambacho watengenezaji wa filamu hawakichoki. Watoro wa sheria wanaangukiwa na mtoto, hata nepi hawajui kumfunga, hadhira inavunjika mbavu, na hadi mwisho mtoto ameshawatakasa. Wengine wamekifanyia vichekesho. Huko Marekani, John Ford alikitumia katika *3 Godfathers* (1948), ambamo majambazi watatu wanamlea kichanga jangwani na yule anayesalia hai anaambulia kifungo chepesi. Dhima ya mtoto hapo ni kuwa sabuni. Hebu tukipeleke kisa hiki Ngara tuone.

Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Walitua Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya ujenzi ya Kitaliano. Chini yao mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo watoto wengi waliopotezana na wazazi, na wengi wakalelewa na familia za humo humo kambini.

Sasa, tatizo ni la lugha kwanza. Sheria ya kimataifa inasema aliyeshiriki maangamizi hastahili hadhi ya mkimbizi; huyo ni mtoro. Lakini pale Benaco wote waliitwa wakimbizi, foleni moja, mahindi yale yale. Tena mwanzoni chakula kiligawiwa kwa kufuata komuni walizotoka, kupitia viongozi wao. Na viongozi hao ni akina nani? Mmoja alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, bwana mkubwa wa komuni ya Rusumo, ambako watu walichinjwa katika kanisa la Nyarubuye. Alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001. Mahakama ya Arusha ilimpa miaka 30 mwaka 2004, na rufani ya 2006 ikaigeuza kuwa maisha. Mwingine, Jean-Baptiste Gatete, alipotakiwa kuondolewa Benaco Juni 1994, maelfu walimzingira kumkinga. Si mchezo! Ikiwa vigogo hawakuchujwa, nani angemchuja mlezi wa mtoto?

Ndiyo maana naona kichekesho kinagoma. Ford anatuonyesha wizi wa benki, basi tunasamehe kwa raha. Benaco, mkono unaomnywesha mtoto uji ungeweza kuwa ule uliomfanya yatima, au ukawa mkono wa mama asiye na kosa lolote. Kumtazama akinywesha hakukutoshi kujua. Ulezi ulikuwa wa kweli pande zote mbili, haukufuta kitu.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliagiza Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walielekea ndani ya nchi badala ya darajani, askari wakawageuza. Watoro na wasio watoro wakaswagwa pamoja, watoto wakiwa mgongoni.

Baadaye neno likapinduka. Mabasi ya Biharamulo, njia ya Lusahunga na Nyakanazi, yakawa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki, na abiria akisema "mkimbizi" alimaanisha jambazi. Neno lililowaficha wauaji mwaka 1994 sasa likawashika wasio na hatia, pamoja na mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hajawahi kukimbia popote.