Panorama za Vittorio Sella, aliyepita Kisumu mwaka 1906

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze picha. Msikimbie, programu zenyewe zitarudi baada ya aya chache.

Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo chake cha mwisho kikaitwa Port Florence. Ndiyo Kisumu yetu hii. Mwaka 1906 alipita hapa mpiga picha Mwitaliano, Vittorio Sella, akiwa katika msafara wa Duke wa Abruzzi. Walitoka Mombasa kwa treni, wakapanda meli hapa hadi Entebbe, kisha wakatembea na mamia ya wapagazi mpaka milima ya Ruwenzori. Tarehe 18 Juni 1906 msafara ulifika kilele cha Margherita, mita 5,109.

Sella alikuwa ameshapiga panorama za milima ya Caucasus na Kangchenjunga. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: unasimamisha kamera sawasawa kwenye miguu yake mitatu, unapiga, unaizungusha kidogo, unapiga tena, ukihakikisha kila picha inarudia kipande cha iliyotangulia. Halafu unazisafisha, unakata kingo na kuzipanga ubavu kwa ubavu. Mwanga ukibadilika katikati, picha moja itakuwa nyeusi kuliko jirani yake. Na Ruwenzori ni milima inayofunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka, kwa hiyo lazima usubiri.

Anga nalo lilikuwa tatizo. Dawa ya picha ya karne ya 19 iliwahi sana rangi ya buluu, hivyo ukipiga ardhi vizuri anga linabaki jeupe tupu. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga bahari peke yake na mawingu peke yake, akaunganisha negativu mbili katika picha moja. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu kwa HDR, mwambie mchezo huo una zaidi ya miaka 150.

Sasa programu. Mwaka 1998 Mjerumani Helmut Dersch alitoa Panorama Tools, ambayo ndiyo msingi wa Hugin, programu huria ninayoitumia mimi. Mwaka 1999 David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alitangaza SIFT, mbinu ya kutafuta alama katika picha ambazo zinatambulika hata picha ikigeuzwa au ikipunguzwa. Mwaka 2003 yeye na Matthew Brown wakaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kupanga picha zenyewe bila kuelekezwa. Alama zikilingana, kompyuta inapinda kila picha ikae mahali pake, kisha inalainisha maungio. Ni kazi ile ile ya mkasi na gundi.

Ukitaka kujaribu hapa Kisumu, subiri jioni wingu zito likiwa limesimama nyuma ya vilima vya Nandi huku jua likishuka upande wa ziwa. Vilima vinawaka, anga nyuma yake ni jeusi. Lakini fanya haraka: tuko karibu kabisa na ikweta, jua linashuka karibu wima, na mwanga huo haukai. Funga mwanga wa kamera usibadilike kati ya picha na picha, na urudie kama theluthi moja kila unapozungusha. Ukiwa Dunga, mitumbwi iliyo karibu itakusumbua kuliko vilima, kwa sababu kitu cha karibu kinahama ukisogeza lenzi hata kidogo. Mawimbi nayo hayatulii, kwa hiyo weka maungio juu ya nchi kavu inapowezekana.

Ukishamaliza, utashawishika kukoleza mawingu mpaka yafanane na moto. Koleza ukipenda, lakini faili asili usizifute. Barafu ya Ruwenzori ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906. Kufikia 2003 ilikuwa chini ya 1. Tunaweza kuonyesha tofauti hiyo kwa macho kwa sababu kuna picha za Sella za kulinganisha. Alitafuta uzuri, akatuachia ushahidi.

Sisi tunakaa kando ya ziwa linalobadilika vilevile. Gugumaji huja na kuondoka katika Ghuba ya Winam. Mwaka 2020 maji yalipanda yakameza nyumba na vibanda vya ufukweni. Panorama moja kila mwaka, kutoka jiwe lile lile, na tarehe imeandikwa, ingesema mengi kuliko mabishano yetu kuhusu maji yalifika wapi. Hilo halihitaji kamera ya bei. Simu yoyote inatosha, na Hugin ni ya bure.

Haya, chagueni jiwe. Tukutane tena wiki ijayo.